Majini Wawili Wakipendana: Ngeli, Jinsia na Kichekesho katika Masimulizi ya Mapenzi ya Viumbe wa Kimiujiza, kutoka Endasak hadi Pwani

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni imeenea duniani aina ya masimulizi ambayo haijapata jina lililokubalika katika istilahi za fasihi ya Kiswahili. Wahusika wake wakuu ni viumbe wa kimiujiza, kama vile malaika, mashetani, mizimu, miungu na wanyonya damu. Wahusika hao wawili wapendanao ni wa jinsia moja. Jambo la tatu, ambalo wahakiki hulipita haraka ingawa ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kwamba masimulizi hayo ni mepesi. Wapenzi hugombania kikombe cha chai na kununiana kwa miaka mia mbili kabla ya kupatana, na mwishowe hakuna anayechomwa moto. Mfano unaojulikana zaidi kwa Kiingereza ni riwaya ya Good Omens ya Terry Pratchett na Neil Gaiman, iliyochapishwa mwaka 1990, ambamo malaika na shetani waliotumwa duniani wanazoeana kupita kiasi. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya hiyo, hasa msimu wake wa pili wa mwaka 2023, ilikigeuza kile kilichokuwa urafiki wa kudokezwa kuwa mapenzi ya wazi. Nchini China, mwandishi anayejulikana kwa jina la Mo Xiang Tong Xiu aliandika Tian Guan Ci Fu, kisa cha mungu aliyeshushwa hadhi na mfalme wa mizimu anayempenda.

Makala haya yanaeleza kinachotokea pale masimulizi ya aina hiyo yanapokutana na lugha zinazozungumzwa katika kata ya Endasak, wilayani Hanang, na baadaye yanapokutana na Kiswahili cha pwani pamoja na pepo wake. Kuchagua Endasak kuna sababu. Kiswahili mara nyingi hujadiliwa kana kwamba kinaishi peke yake, ilhali kwa Watanzania wengi ni lugha ya pili inayobeba kumbukumbu za lugha ya kwanza. Msimulizi wa Endasak anapomweka jini katika sentensi ya Kiswahili, nyuma ya sentensi hiyo kuna sarufi nyingine inayodai mambo mengine. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mapenzi ya viumbe hao yanaweza kusimuliwa bila kutangazwa.

Mahali na lugha zake

Endasak iko kando ya barabara iendayo Singida kutoka Babati, chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu, na mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Hata hivyo, mipaka ya utawala haikuibadili sana ramani ya lugha. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na Wadatooga, ambao lugha yao ni ya Kinailoti cha Kusini, wameishi hapa bega kwa bega, wakioana, wakigombana juu ya malisho na kuazimana waganga. Kiswahili, lugha ya Kibantu, ni lugha ya shule, ya mnada, ya ofisi ya kata na ya kanisani. Hivyo katika kata moja mtafiti anakuta familia tatu za lugha zisizo na undugu wa karibu, na kila moja ina namna yake ya kuishughulikia jinsia.

Dini ya jadi ya Wairaqw, kama ilivyoelezwa na wanaethnografia tangu enzi za ukoloni, imejengwa juu ya pande mbili. Upande mmoja ni Looaa, anayehusishwa na jua, naye ni wa kike, mpole, mama anayetoa mvua na uzima. Upande wa pili ni Neetlangw, roho za ardhini zinazokaa katika chemchemi na mito, za kiume, zenye hasira na zenye kuadhibu. Msomaji aliyezoea kumwita Mungu baba na dunia mama anaona kwamba hapa mpangilio umepinduliwa: mbingu ni ya kike, na maji ya chini ni ya kiume. Jinsia ya viumbe hawa wawili imo ndani ya maana yao, si pambo lililoongezwa na msimulizi.

Zipo pia kanuni za unajisi wa kimila ziitwazo metimani. Kifo cha aina fulani, au mimba ya msichana ambaye hajaolewa, vilimtia mhusika katika hali ya kutengwa. Hakuruhusiwa kuchangamana, kugusa vyombo vya wengine wala kupita kwenye mifugo ya jirani hadi muda wake uishe. Katherine Snyder na Ole Bjørn Rekdal, kila mmoja kwa njia yake, wameonesha jinsi kanuni hizo zilivyoendelea kuwa hoja hai hata baada ya wengi kubatizwa. Jambo linalohusika hapa ni kwamba, katika fikra hizo, roho za ardhini zimo upande wa walinzi wa utaratibu wa uzazi na ndoa. Anayevunja utaratibu huo huwaogopa wao. Kwa hiyo kisa kinachowafanya walinzi wenyewe kupendana nje ya utaratibu hakiwezi kuwa burudani tu; kinamgeuza askari kuwa mtuhumiwa, na papo hapo kinachekesha. Ni kichekesho cha aina ile ile ya mzee wa baraza anayekutwa akichungulia jikoni.

Sarufi inayofichua na sarufi inayositiri

Kiiraqw, kama Maarten Mous alivyokichambua katika sarufi yake ya mwaka 1993, kina jinsia tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Kiwakilishi huru cha nafsi ya tatu umoja, inós, hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Mpaka hapo mtu angedhani kwamba Kiiraqw na Kiswahili ni ndugu katika kusitiri, lakini kitenzi ndicho kinachotoa siri. Umbo la kitenzi la nafsi ya tatu hubadilika kwa kutegemea kama mtenda ni wa kiume au wa kike. Alama ya mtendwa nayo ina umbo moja kwa mtendwa wa kiume, jingine kwa wa kike, na jingine kwa jinsia ya tatu. Matokeo yake ni kwamba sentensi fupi yenye maana ya anampenda hutangaza jinsia ya pande zote mbili kabla msimulizi hajasema lolote kuhusu mavazi, ndevu au sauti.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya maelezo tu. Roho ya chemchemi inayoshuka kutoka Hanang inaipenda roho ya Ziwa Balangida, ziwa la chumvi lililo upande wa pili wa mlima. Ya chemchemi inalalamika kwamba kila wakikumbatiana yeye huondoka akiwa na ladha ya magadi. Ya ziwa inajibu kwamba bora magadi kuliko matope. Kwa Kiiraqw, msimulizi akizifanya roho zote mbili kuwa za kiume, kama Neetlangw walivyo, kila kitenzi cha ugomvi huo wa kimahaba kitalirudia jambo hilo. Hadhira haitapewa nafasi ya kujifanya haikusikia. Kwa Kiswahili, msimulizi yule yule anaweza kukimaliza kisa chote bila mtu kujua kama wapenzi hao ni wa kiume, wa kike au mchanganyiko. Anaweza kuliacha jambo hilo kwa msikilizaji, na kila msikilizaji ataondoka na kisa chake.

Kidatooga kinaleta hali ya tatu. Hapo jinsia huonekana waziwazi katika majina ya watu: mengi ya majina ya wanaume huanza na Gida-, na mengi ya wanawake huanza na Uda-. Roho ikipewa jina la Kidatooga, silabi za mwanzo tu zimekwisha kutoa taarifa. Msimulizi wa Endasak anayetaka kusitiri ana sababu ya kutowapa roho wake majina kabisa, na anayetaka kuchekesha ana sababu ya kuwapa. Si vigumu kukisia kitakachotokea katika baraza la jioni ikiwa roho iliyotambulishwa kwa jina la Uda- inajibu kwa sauti nzito.

Ni nani, au ni nini?

Inasemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina jinsia. Kauli hiyo ni sahihi kwa kiasi, na inapotosha kwa kiasi. Ngeli ya A-WA haitofautishi mwanamume na mwanamke, lakini mfumo wa ngeli kwa ujumla huuliza swali jingine kabla ya hilo, nalo ni kama kinachozungumzwa ni mtu au ni kitu. Viumbe wa kimiujiza wamekaa mpakani pa swali hili.

Mzimu, kwa umbo lake, ni nomino ya M-MI: mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Roho iko katika ngeli ya I-ZI. Zimwi hutumia LI-YA, kama methali ya zimwi likujualo inavyoonesha. Hadi hapo viumbe hawa wanatishia, wanadai sadaka, wanakula watu, lakini hawana moyo. Jini na malaika, kwa upande mwingine, huchukua upatanisho wa viumbe hai bila ubishi: jini anapenda, malaika wanapenda. Ndiyo sababu, pengine, Kiswahili kina jini mahaba lakini hakina zimwi mahaba. Msimulizi anayetaka zimwi lipendwe analazimika kwanza kulihamisha kutoka LI- kwenda A-, na uhamisho huo ni tukio la kisimulizi lenye uzito sawa na busu la kwanza katika riwaya za Kizungu. Zimwi lilibisha hodi, zimwi aliketi. Kati ya vitenzi hivi viwili kuna mtu aliyefungua mlango.

Njia nyingine ni kudunisha kwa mapenzi. Kijini, kizimwi na kishetani vyaweza kubeba dharau, lakini katika sauti ifaayo hubeba huba, kama mama amwitavyo mwanawe kitoto. Jini mmoja akimwita mwenzake kijini changu, ngeli ya KI-VI hufanya kazi ambayo lugha nyingine zinahitaji sentensi nzima kuifanya. Uchambuzi wa masimulizi ya mapenzi ya viumbe hawa kwa Kiswahili unapaswa kuanzia hapa. Kuanzia kwenye swali la dume na jike ni kuchukua swali la lugha nyingine na kulitafutia jibu ndani ya Kiswahili.

Kuoa, kuolewa, kuoana

Jinsia iliyofukuzwa kwenye kiwakilishi hurudi kupitia mlango wa nyuma. Katika Kiswahili cha kawaida mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawanywa kwa jinsia, na mtu akikosea kuzigawa huchekwa. Wimbo wa Malaika ni ushahidi mzuri. Mpenzi anayeitwa malaika ndani yake hana jinsia, lakini anayeimba anataka kuoa, na kwa kitenzi hicho tu anajulikana kuwa ni mwanamume. Miriam Makeba alipouimba hakukibadili kitenzi. Mamilioni ya watu wameusikia mwanamke akimwambia malaika wake kwamba angemwoa, na wimbo umebaki kuwa wa harusi. Kitenzi kile kinaweza kusikika kama kawaida tu ya mwimbaji kuyashika maneno aliyoyakuta. Hata hivyo sarufi imekwisha kusema ilichosema.

Kiswahili kina pia kauli ya kutendana. Wanaoana hakisemi nani anaoa na nani anaolewa. Katika matumizi ya kawaida kitenzi hiki huchukuliwa kuwa cha mume na mke, lakini umbo lake halidai hivyo. Linadai wawili tu. Vivyo hivyo kwa wanapendana, wanatamaniana, wananuniana. Mpenzi, mwandani, mwenza na mchumba nazo hazina jinsia. Kinachobaki kuwa hatari kwa msimulizi anayesitiri ni mume, mke, bwana na bibi, na hao wanaweza kuepukwa kwa ukurasa mzima bila msomaji kuhisi kwamba kuna kitu kinaepukwa.

Kiko kichekesho kingine ambacho ni mali ya pwani. Shoga, miongoni mwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike, neno la kuitana kwa upendo. Likielekezwa kwa mwanamume, huwa jina la mwanamume apendaye wanaume. Deborah Amory na watafiti wengine wa pwani wameandika kuhusu maana hizo na mahusiano ya kijamii yanayozizunguka. Majini wawili wa kike wakiitana shoga katika kisa cha Kiswahili, msomaji hana namna ya kujua ni maana ipi inayotumika, na mwandishi mwerevu hatamsaidia. Huko bara, ikiwa ni pamoja na Manyara, maana ya kwanza imefifia na ya pili imebaki kama tusi. Kwa hiyo kisa kile kile kinachochekesha Mji Mkongwe kinaweza kuumiza Endasak.

Pepo wenye jinsia zao

Msomaji anaweza kuuliza kama yote haya si hoja za karatasi. Pwani inajibu kwamba viumbe wa kimiujiza wenye jinsia isiyotulia wapo katika desturi za kawaida, nao walitangulia mitindo ya riwaya. Kjersti Larsen, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu pepo wa Unguja, anaeleza kwamba pepo wana kabila, dini na jinsia zao wenyewe, na kwamba jinsia ya pepo haiifuati jinsia ya kiti, yaani mtu anayepandwa. Mwanamke akipandwa na pepo wa kiume, anayezungumza, anayevaa na anayetania ni mwanamume. Ngoma ikiisha, aliyepo ni mwanamke. Pepo wa kibuki, wanaohusishwa na Madagaska, hupenda brandi, na ngoma zao zina shangwe na utani usioruhusiwa mahali pengine. Swali la nani anamtania nani katika ngoma kama hiyo lina majibu mawili yaliyo sahihi kwa wakati mmoja, na wenyeji hawasumbuki nalo.

Upande wa pili wa pwani ni Popobawa. Mwaka 1995 uvumi ulienea Pemba na Unguja kwamba kiumbe mwenye bawa la popo anaingia majumbani usiku na kuwaingilia watu, wanaume kwa wanawake, kisha kuwaamuru wawaambie wengine la sivyo atarudi. Watu walilala nje kwa makundi. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na wachambuzi kadhaa, akiwamo Martin Walsh, wameuhusisha uvumi huo na siasa. Hofu ilizaa vurugu, na mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Hapakuwa na mahaba wala wepesi katika jambo hilo. Lakini Katrina Daly Thompson, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu mazungumzo ya Popobawa mwaka 2017, anaonesha kwamba baada ya hofu palikuwa na maneno mengine: utani, kejeli, hadithi za kusutana, na kwamba kupitia kiumbe huyo watu waliweza kuyataja mapenzi ya wanaume kwa wanaume bila kumtaja mtu. Aliyelaumiwa alikuwa popo, na waliocheka walikuwa majirani.

Matukio haya mawili yanatofautiana kwa jambo moja la msingi. Katika kibuki kiumbe anaalikwa, anaketi, anakunywa, anaondoka. Katika Popobawa kiumbe anavamia. Masimulizi mepesi ya mapenzi ya viumbe wa kimiujiza ni ya ukoo wa kibuki, na kosa la wahakiki wengi ni kuyasoma kwa macho ya Popobawa.

Fasihi andishi imesaidia kidogo hapa. Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960, alimtuma Bwana Msa kuwavua mizimu vinyago vyao na kuwaonesha wanadamu waliokuwa nyuma yake. Ebrahim Hussein katika Mashetani ya mwaka 1971 aliwaweka vijana wawili, Juma na Kitaru, chini ya mbuyu wakicheza mchezo wa binadamu na shetani, na shetani akawa mkoloni. Kazi hizo ni kubwa. Lakini ni kweli vilevile kwamba shetani wa fasihi andishi ya Kiswahili amefanyishwa kazi nyingi mno, awe hila, awe ubeberu, awe dhamiri, wala hakupewa siku ya mapumziko ya kupenda. Filamu za video za miaka ya 2000, kama Shumileta ya Mussa Banzi, zilimpa kiumbe huyo mapenzi, lakini mapenzi kwa binadamu wa jinsia nyingine, na katika mtindo wa kutisha.

Wepesi na mwisho mwema

Ingefaa kueleza kwa nini makala ya kitaaluma inajishughulisha na wepesi. Carmilla ya Sheridan Le Fanu ya mwaka 1872, kisa cha mwanamke mnyonya damu anayempenda msichana, ilikubalika katika Uingereza ya Malkia Victoria kwa sababu mwishoni Carmilla anachomwa kigingi na kukatwa kichwa. Msomaji aliruhusiwa kufurahia kurasa mia moja kwa sharti la kushuhudia kurasa chache za adhabu. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa bei.

Afrika Mashariki ina kesi yake ya karibu zaidi, ingawa haina majini. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kisa cha wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ilipigwa marufuku na bodi ya filamu ya Kenya mwezi Aprili 2018. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Mahakama iliiruhusu ioneshwe kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Kwa maelezo hayo, kilichozua ubishi zaidi ni kwamba wasichana hao hawakujuta.

Kwa msimulizi wa Manyara sharti hilo si la kinadharia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinatoa adhabu ya kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Sheria hiyo haiwataji majini. Lakini lugha ya majini inatumika dhidi ya watu. Kijana aliyechelewa kuoa, au binti asiyetaka posa, huambiwa kwamba ana jini mahaba, mwenza wa kimiujiza mwenye wivu anayezuia ndoa. Kisha hupelekwa kwa mganga, kwa kisomo au kwenye maombi. Katika maelezo hayo jini ni ugonjwa, na mapenzi ni dalili. Masimulizi mepesi yanageuza uhusiano huo: jini ana maisha yake, ana mpenzi wake wa kijini, na hana haja na binadamu yeyote. Mtu aliyewahi kufungiwa chumbani akisomewa ili jini wake atoke anaweza kuuona ugeuzaji huo kuwa jambo zito kuliko unavyoonekana katika mhutasari wa kisa.

Ndiyo sababu pia mbinu ya utafiti inahitaji uangalifu usio wa kawaida. Katika kata kama Endasak, ambako watu wanajuana kwa koo na kwa ng'ombe, kutaja kitongoji na umri wa msimulizi ni sawa na kumtaja kwa jina. Desturi ya tasnifu nyingi za fasihi simulizi ya kuambatisha orodha ya wasahilifu, pamoja na majina yao na mahali walipo, ilibuniwa kwa heshima, ili msimulizi asiibiwe kisa chake. Kwa visa vya aina hii heshima hiyo hiyo inadai kinyume. Mtahini anayeikuta tasnifu haina orodha ya wasahilifu anapaswa kuuliza sababu kabla ya kukata alama.

Tatizo la mtafsiri

Limebaki suala la tafsiri, na ni hapa ambapo hoja za sarufi zilizotangulia zinapata mtihani wake. Mandarin ya kuzungumzwa hutumia kiwakilishi kimoja, tā, kwa mwanamume na mwanamke. Ni maandishi tu, tangu mapema karne ya ishirini, yanayotenganisha herufi mbili. Msomaji wa Tian Guan Ci Fu anaona katika maandishi kwamba mungu na mfalme wa mizimu ni wanaume wote wawili. Akisikiliza kisa kikisomwa kwa sauti, kiwakilishi hakimwambii. Kiswahili kinakwenda mbali zaidi kwa kuwa kinasitiri kwa sauti na kwa maandishi vilevile. Mtafsiri wa Kiswahili, kwa hiyo, anakabiliwa na uamuzi ambao mtafsiri wa Kiingereza hakuwa nao. Akiifuata sarufi ya Kiswahili bila kuongeza kitu, atapata kisa kinachoweza kusomwa na yeyote, na ambacho kila msomaji atakifanyia jinsia anayoitaka. Akiongeza mwanamume, kijana wa kiume au kaka, atakuwa mwaminifu kwa matini chanzi na atakuwa amevunja stara ambayo lugha lengwa ilimpa bure.

Wapo watakaosema kwamba kusitiri ni woga. Hoja hiyo ina nguvu, hasa kwa msomaji ambaye hajawahi kujiona katika kitabu na anastahili kuonwa wazi. Hata hivyo, ushahidi wa kibuki, wa Popobawa na wa wimbo wa Malaika unaonesha kwamba watumiaji wa Kiswahili wana uzoefu mrefu wa kuelewa kisichotamkwa na kukicheka kwa pamoja bila mtu kulazimishwa kusimama na kujitaja. Mtafsiri anayeliamini hilo ataviacha viwakilishi kama vilivyo na kuweka nguvu zake katika ngeli. Ataamua ni katika ukurasa upi mzimu unaacha kuwa umekuja na kuwa amekuja.

Tafsiri ya kisa hicho hicho kwenda Kiiraqw isingekuwa na nafasi hiyo. Kitenzi cha kwanza kingekwisha kusema. Mtafsiri wa Kiiraqw angebaki na hila moja tu, ile ambayo wasimulizi wa jioni huitumia wanapofika penye ugumu: kuwapa roho sauti zao wenyewe. Katika usemi halisi mwenye kusema hutumia nafsi ya kwanza na anayeambiwa nafsi ya pili, na nafsi hizo mbili hazibadilishi kitenzi cha Kiiraqw kwa jinsia ya mtenda. Roho ya chemchemi na roho ya ziwa zingeweza kugombana usiku kucha kuhusu magadi na matope, mimi na wewe, na msimulizi asingelazimika kutamka kitenzi hata kimoja cha nafsi ya tatu hadi kulipokucha.